Kombe Nililomnywesha Mdogo Wangu kwa Siri

Mimi ni mjinga, na ujinga wangu una kaburi. Liko kijijini kwetu, upande wa Ruaruke, nyasi zimeshaanza kulifunika, na aliyelala mle ni mdogo wangu tuliyenyonya ziwa moja. Nimeanza na hilo ili anayetaka kunitukana asingoje mwisho. Anitukane tu! Mimi mwenyewe nimeshajitukana kuliko mtakavyoweza.

Jina langu silitaji. Mdogo wangu nimwite Shamte na mkewe nimwite Mwanahawa, ingawa sivyo walivyoitwa. Mimi niiteni mpendavyo.

Shamte alikuwa mkulima wa mpunga huko bondeni, kwenye visiwa vya delta, mtu wa kubeba magunia mawili kwa mpigo. Presha ikamtafuna figo kimyakimya mpaka zikafa zote mbili. Hospitali kubwa ya Dar wakasema mwili wake lazima usafishwe kila siku, na kwa vile asingeweza kuhamia mjini akalale na mashine, wakamtoboa tumbo wakamwekea mpira mwembamba, asafishiwe nyumbani. Unaingiza mfuko wa maji ya dawa tumboni, yanakaa masaa kadhaa yakivuta uchafu na maji yaliyozidi mwilini, halafu unayatoa kwenye mfuko mtupu. Mara nne kwa siku, kila siku ya Mungu, iwe Idi, iwe msiba.

Aliyefundishwa kazi hiyo ni Mwanahawa. Alikaa Dar mpaka alipofuzu, akarudi anaongea kama nesi. Akapiga chokaa chumba kimoja, akafukuza kuku, akafukuza watoto, akatufukuza na sisi. Huingii mpaka unawe kwa sabuni hadi kwenye viwiko na ujifunge kitambaa puani. Mimi! Dada mtu! Nijifunge pua mbele ya mtoto niliyembeba mgongoni! Nilimchukia mwanamke yule tangu siku hiyo.

Hapana, nisiwaongopee. Nilimchukia tangu posa.

Lakini kilichonitoa roho hasa ni vipimo vyake. Figo za Shamte zilikuwa hazitoi tena mkojo wa maana. Maji yakishaingia mwilini, mlango wa kutokea ulikuwa ile mifuko tu. Kwa hiyo Mwanahawa alipima. Mfuko ukitoka tumboni anautundika kwenye mzani wa kuning'iniza, huu huu tunaopimia korosho, anaangalia umezidi kiasi gani kuliko ulivyoingia. Kile kilichozidi ndicho maji aliyotolewa mwilini, na kwa hicho ndipo anapojua mumewe anywe kiasi gani. Asubuhi kabla ya chai anamsimamisha kwenye mzani mwingine wa chini. Uzito ukipanda ghafla anasema, "Huku si kunona, haya ni maji." Kisha anamminya mguu kwa kidole gumba aone kama panabaki shimo.

Na kunywa kwenyewe, mwenzangu! Kikombe cha plastiki kilichochorwa mstari. Chai humo, uji humo. Mchuzi unahesabiwa, tikiti linahesabiwa, chungwa linahesabiwa, hata kipande cha barafu. Ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, hakanyagi mlangoni, eti chumvi inaita kiu na kiu inaita maji. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtu mzima na akili zake anahesabu tikiti!

Nikambandika jina: Bi Kibaba. Nikalipeleka kisimani, nikalipeleka sokoni, kijiji kikalipokea kwa mikono miwili kwa sababu na wao walikuwa hawampendi mtu anayewanawisha mikono. Akipita njiani watoto wanaimba, "Bi Kibaba, nipimie maji!" Hakujibu hata siku moja. Nami nikasema, mnaona anavyoringa?

Sisi ni watu wa Rufiji. Tumezaliwa majini, tunalima kwa maji, mto ukivimba unatufuata mpaka kizingitini. Mtu wa kwetu afe kiu kitandani huku mwanamke anampimia kama sukari ya kukopa? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, na wapuuzi wenzangu wakiitikia kwa vichwa. Mwenye akili angejiuliza, nyie mnaoyajua mafuriko, mmesahauje kwamba maji nayo yanaua? Mimi sikujiuliza. Kujiuliza ni kazi ya wenye akili.

Ikaingia Ramadhani. Shamte alitaka kufunga. Mwalimu wa madrasa yetu akaja kumwambia wazi kwamba ugonjwa wake si wa kungojea kupona ndio alipe, na tena ile mifuko ina sukari inayoingia mwilini kama chakula, kwa hiyo Mungu amemwondolea mzigo. Kazi yake ni kulisha maskini mmoja kwa kila siku ya mfungo. Shamte alilia kama mtoto. Tangu alipobaleghe alikuwa hajaacha mfungo. Kila jioni Mwanahawa akawa anapakua sahani ya maskini kwanza, mumewe anaiona ikitoka, ndipo wao wanakula.

Mimi nilikuwa nampelekea futari kila alasiri. Mihogo ya nazi, tambi, vyote bila chumvi kwa amri ya Bi Kibaba. Yeye anakuwa jikoni uani, mimi nakaa na mdogo wangu chumbani, pua nimeifunga. Siku moja akanishika mkono. Ulimi wake ulikuwa mweupe, mdomo umepasuka pembeni.

"Dada," akasema, "nyinyi ikifika magharibi mnaadhiniwa. Mimi adhana yangu lini?"

Nililia njia nzima kurudi kwangu. Nami nilikuwa nimefunga, koo langu limekauka, nikajua kiu ilivyo. Nikasema huyu anafungishwa mwaka mzima bila daku wala futari. Uchungu ule ulikuwa wa kweli, sitaukana. Lakini uchungu si elimu. Ng'ombe naye huona uchungu, na hapewi mgonjwa amuuguze.

Nikaenda kwa mwalimu kuomba kombe. Asiyelijua, ni aya za Qurani zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa kwa kutafuta baraka. Najua wako wanaolipinga siku hizi. Wapinge huko waliko, mimi siko hapa kubishana dini. Sisi tumelelewa nalo, na kombe halikuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Mwalimu aliandika, akaosha, akanitilia kwenye chupa ndogo. Kabla hajanikabidhi akauliza, "Si huyu Shamte aliyekatazwa maji?"

"Ndiye."

"Basi nisikilize, mama. Funda moja, dogo, kwa siku. Nalo liingie ndani ya kipimo chake cha hospitali, lisiwe juu yake. Linalobaki apakwe kifuani na miguuni. Na mkewe ajue."

"Funda moja litamfaa nini mgonjwa kama yule?"

"Baraka haipimwi kwa wingi. Na mkewe ajue, umenisikia?"

Na mkewe ajue! Nilitoka pale nikisonya. Nikasema huyu naye kashatekwa na Bi Kibaba, kashaanza kupimapima maneno ya Mungu. Mtu kasoma mpaka ndevu zikamwota mvi, mimi niliyeishia juzuu Amma, ile ya wanaoanza chuo, najiona najua dini kumshinda. Kuna kiburi cha aina hiyo, na wenye nacho ndio wa kwanza kwenda safu za mbele.

Nyumbani nilichukua dumu la lita kumi lililokuwa la mafuta ya kula, nikaliosha, nikamimina ile chupa, nikajaza maji ya kisima mpaka shingoni. Marehemu mama alikuwa akiongeza maji kwenye kombe ili litoshe nyumba nzima. Ila mama alikuwa anatunywesha kijiko kijiko, watoto wazima wenye figo zao. Hilo mimi sikulikumbuka.

Alasiri iliyofuata nilijaza kombe kwenye chupa ya chai, nikaificha chini ya kapu la futari. Mwanahawa akanipokea kapu, akatoa vyombo vya chakula, chupa nikaiwahi nikaiweka chini ya khanga. Nikaingia chumbani.

"Mwalimu kakuandikia kombe," nikamwambia Shamte. "Kasema bilauri mbili kila alasiri mpaka liishe. Na mkeo asijue. Jicho lake zito."

Nilimsingizia mwalimu pale pale, na udhu ninao!

Shamte akaitazama bilauri. "Na kipimo, dada?"

"Kipimo cha nini? Haya si maji, ni maneno ya Mungu. Yakiingia mwilini yanakuwa nuru. Unataka kumpimia Mungu na wewe?"

Akanywa. Akanywa na ya pili. Nikafuta bilauri kwa khanga, nikaondoka kifua mbele, najiona walii. Jioni ile nilifuturu kwa raha ambayo sijaipata tena.

Ikawa ndiyo desturi. Baada ya siku chache Mwanahawa akaanza kukunja uso. Nilimsikia asubuhi moja akimuuliza mumewe, nimepitia kuchukua vyombo.

"Baba, uzito umepanda. Umekunywa maji?"

"Wallahi sijanywa maji."

Aliapa bila wasiwasi. Shamte hakuwa mwongo, alikuwa anaamini nilichomwambia. Nilimtia mdogo wangu kiapo cha uongo mwezi wa Ramadhani, yeye akidhani anasema kweli. Hebu niambieni, shetani ambaye tunaambiwa mwezi ule anafungwa minyororo, alikuwa na haja gani ya kufunguliwa wakati nipo mimi?

Mwanahawa akabadilisha mifuko, akaanza kutumia ile mikali yenye sukari nyingi, inayovuta maji kwa nguvu zaidi. Mifuko ikawa inatoka imejaa, mzani wa korosho unashuka mpaka chini. Yeye anatoa, mimi natia. Yeye anatoa, mimi natia! Uso wa Shamte ukaanza kuumuka asubuhi, macho yakawa madogo. Unajua nilisema nini? Nilisema amenawiri. Nilikwenda mpaka kwa jirani kutangaza: "Mmemwona mdogo wangu? Shavu limerudi! Baraka hizo!" Uvimbe nikauita afya. Hata mbuzi asiyejua kusoma anajua tumbo lililojaa upepo.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Kwangu mimi, mguu ulioota tende haukuwa wangu.

Jioni moja Mwanahawa alinifuata uani, mbuzi ya nazi mkononi. Hakupiga kelele, hajawahi kunipigia kelele.

"Wifi, nakuuliza kwa heri. Hujampa Shamte kitu cha kunywa?"

"Mimi?"

"Mifuko inatoka vizuri, chumvi hapati, na bado anajaa. Miguu naminya, panabaki shimo. Nesi wa Dar nimempigia, anasema kuna maji yanaingia kutoka mahali. Sina pengine pa kuuliza ila kwako."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwizi wako! Nimefunga tangu alfajiri, sijaonja hata mate, nitampaje maji mtu na mimi mwenyewe sina? Mche Mungu, Mwanahawa!"

Akainamisha kichwa. Akasema, "Nisamehe, wifi."

Aliniomba msamaha! Nami nikaupokea, nikakunja uso kama mtu aliyeonewa. Kisha nikaendelea na saumu yangu mpaka adhana, nikafuturu kwa tende na dua ndefu. Sijui kile kitu nilichokuwa nimefunga kilikuwa nini. Saumu hakikuwa.

Kesho yake akasema anampeleka Shamte Dar, nesi kamtaka aje. Hapo napo nikaingilia. Nikaenda kwa baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, nikamlilia: mgonjwa aburutwe barabarani mwezi mtukufu? Zimebaki siku chache, si wangojee Idi? Baba mdogo hana anachojua isipokuwa kuombwa ruhusa, ndicho kinachompa raha. Akamwita Mwanahawa akamkataza. Mwanahawa akasema, "Baba, huyu hawezi kungoja." Baba mdogo akamjibu kwamba mwanamke akishajua kusoma mzani anajiona daktari, na sisi sote tukacheka. Mimi nilicheka kwa sauti.

Shamte akawa halali tena chali. Analala amekaa, mito imepangwa mgongoni, akijilaza tu anakohoa povu. Hata siku hizo nilimpa. Ndiyo, nilimpa! Nilisema dawa inapambana na maradhi, ndiyo maana yanafurukuta.

Ijumaa, watu wakijiandaa kwenda msikitini, Mwanahawa alipiga ukelele. Tulimkuta Shamte ameshika ukingo wa kitanda, mdomo wazi, anavuta pumzi haziingii. Tunasema mfa maji haachi kutapatapa. Nimemwona mfa maji juu ya kitanda kikavu, ndani ya nyumba iliyopigwa chokaa, na mto uko mbali. Safari hii Mwanahawa hakungoja ruhusa ya mtu. Alikodi gari, akamkumbatia mumewe kiti cha nyuma akiwa amemkalisha wima, mimi nikapanda mbele, tukakimbizana mpaka Kibiti.

Pale hospitali wakamwekea hewa. Daktari akamsikiliza kifua, akatutazama. "Mapafu yamejaa maji. Huyu amekunywa nini, na kwa muda gani? Niambieni ukweli nijue namna ya kumshughulikia."

Mwanahawa akataja kila kitu, kikombe kwa kikombe, mfuko kwa mfuko. Daktari akatikisa kichwa. "Kwa hesabu hiyo asingefika hapa. Kuna kitu kingine. Je, mifuko imefanya kazi au imeziba? Maana matibabu yake ni tofauti."

Shamte alikuwa na fahamu. Alinitazama juu ya ile barakoa ya hewa. Hakumtazama mkewe, alinitazama mimi, na nilielewa kabisa anachongoja. Mkono aliuinua kidogo akashindwa.

Nami nikasema, "Muulizeni mkewe. Yeye ndiye anayempa kila kitu."

Ndivyo nilivyosema. Nimejaribu kujidanganya kwamba nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Niliona aibu mbele ya Mwanahawa, basi! Niliona heri wapotee njia kuliko Bi Kibaba anione nimekosea. Wakaanza kuhangaika na mpira na mifuko, wakidhani pameziba, wakipiga simu Dar kuuliza. Muda ukaenda. Kabla ya alasiri mdogo wangu akakata roho, macho bado yako upande wangu.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mngedhani nimekoma. Thubutu! Msiba haujapoa, mnong'ono ukaanza kwamba Mwanahawa ndiye aliyekosea mifuko, wengine wakasema alikosea kusudi. Mnong'ono ule sikuuanzisha mimi, lakini niliulisha na kuunywesha. Tulipokaa ukoo baada ya hitima, nilisimama nikasema siwezi kulala kijiji kimoja na muuaji wa mdogo wangu. Mwalimu alikuwepo. Akasema, "Mjane anakaa eda nyumbani kwa mumewe. Hiyo ni haki yake kwa Mungu, si hisani yenu." Baba mdogo akamwambia mwalimu ashike madrasa yake. Mwanahawa akarudishwa kwao Mbwara na begi moja, amejifunga nguo ya eda, na watoto wa kijiji wakamwimbia Bi Kibaba mpaka alipopanda pikipiki. Mwimbo huo niliutunga mimi.

Basi nikabaki na nyumba yangu. Na jikoni kwangu, nyuma ya mlango, likabaki lile dumu, nusu yake imebaki, maji yana rangi ya zafarani. Kila nikiingia naliona. Kunywa siwezi. Na kombe halimwagwi ovyo, haliwezi kumwagwa njiani watu wakakanyaga maneno ya Mungu. Niliwakanyaga binadamu, mjane na marehemu, lakini maji naogopa kuyakanyaga. Ndiyo dini yangu ilivyokuwa.

Mwishowe nikalibeba kwa mwalimu kumuuliza nilimwage wapi.

Alilitazama dumu. Akanitazama. Akalitazama tena.

"Mimi nilikupa chupa ndogo," akasema. "Hili limetoka wapi?"

Nikalitua chini.

"Lilikuwa limejaa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani atanipigia kelele. Alikaa chini kwenye mkeka, akashika kichwa, mpaka wanafunzi wakaacha kusoma.

"Mungu kaiweka mizani katika kila alichokiumba," akasema, "akatuonya tusiipindue. Wewe ulidhani mzani wa yule mwanamke ni kufuru. Ile ndiyo ilikuwa ibada. Mwili wa Shamte ulikuwa amana, na mkewe ndiye pekee aliyekuwa akiichunga. Na Shamte ulimwambia mimi ndiye niliyeamuru?"

"Nilisema wewe."

"Basi umeniua na mimi." Akanyanyuka. "Nitalimwaga mwenyewe chini ya mnazi, nyuma ya uzio. Toba yako kwa Mungu ni baina yako na Yeye, mlango Wake hajaufunga. Lakini haki za watu hazifutwi kwa kusujudu. Nenda ukazilipe."

Nikaanza na ukoo. Nikamwambia baba mdogo kila kitu. Unajua kanijibu nini? "Yameshapita hayo, kazi ya Mungu haina makosa. Usitutie aibu." Wote wakaitikia hivyo hivyo. Walewale waliokuwa na makosa mengi sana ya kumtafutia Mwanahawa, leo muuaji ni wa damu yao, kazi imekuwa ya Mungu! Niliwadharau pale, kisha nikakumbuka nani aliyewafundisha.

Nikangoja eda iishe, nikaenda Mbwara. Nilimkuta Mwanahawa shambani kwa wazee wake akipalilia ufuta. Aliponiona akaacha jembe, akanijia, akaniamkia, "Shikamoo, wifi." Shikamoo! Nilitamani anipige na jembe lile.

Nilimwambia nikiwa nimesimama juani. Chupa ya chai, kapu, bilauri mbili, uongo wa uani, yale niliyosema kwa daktari. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Alipokunywa, alisemaje?"

"Siku ya kwanza alisema alhamdulillahi. Akasema ameyasikia maji mpaka kwenye vidole."

Hapo ndipo alipokaa chini kwenye udongo akalia. Msibani sikumwona akilia namna ile. "Mimi hakuwahi kuniambia hivyo," akasema. "Kila nikimpa kikombe alikuwa ananitazama kama adui. Nilikuwa nasema moyoni, bora anichukie, mradi awepo. Kumbe kuchukiwa nimechukiwa, na hayupo."

Nikapiga magoti, nikaomba radhi. Nikamwambia nitasema mbele ya kijiji kizima, nitamrudisha nyumbani kwake mwenyewe.

"Kwenu sirudi," akasema. Akajifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Sikiliza, wifi. La kuniita muuaji, la kunifukuza nikiwa kwenye eda, la jina ulilonipa, nimekusamehe, sitaki kukutana nawe tena mbele ya Mungu tukidaiana. Lakini la Shamte si langu. Kamwombe mwenyewe."

Akachukua jembe akarudi kwenye ufuta wake.

Nilisema mbele ya kijiji, Ijumaa, baada ya swala, mwalimu akisimama pembeni. Baba mdogo haniiti tena nyumbani kwake. Watoto wameacha kuimba wimbo wa Bi Kibaba, sasa wamenitungia wangu, na ni mzuri kuliko ule.

Haya, nyinyi mnaosoma na kutikisa vichwa, msijione wema sana. Najua mmoja wenu ana mgonjwa wa figo nyumbani na amemfichia kitu chini ya mto. Supu kidogo, soda kidogo, zamzam iliyoletwa na mtu aliyekwenda hija. Unasema ni huruma. Huruma ya kujificha kwa anayemuuguza si huruma, ni majivuno yako yamevaa khanga! Ukitaka kumpa mgonjwa maji ya baraka, mpe mbele ya mwenye kupima, naye akwambie yanaingia kiasi gani. Mungu haoni haya kupimiwa, Yeye ndiye aliyeweka vipimo.

Na kama umeshampa, mtu anakata pumzi na daktari anauliza, sema. Sema hapo hapo, hata kama unayemchukia amesimama pembeni anakusikia. Mimi nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema pale Kibiti: nimempa mimi. Shamte aliyangojea mpaka mwisho. Leo nayasema kwenu watu nisiowajua, na nyinyi hamna pumzi ya kumpa.